Shafti Ilikuwa na Ufa

Baba, shikamoo. Leo usiniitikie, nisikilize tu.

Nipo Guangzhou mwaka wa pili, nasomea uhandisi. Siku tatu kwa wiki najifunza kazi kwenye karakana moja nje kidogo ya mji. Tunarudishia uhai vyuma vilivyolika: unga wa chuma unapulizwa, mwale wa leza unauyeyusha papo hapo, unaganda juu ya shafti, ule mhimili unaozungusha mashine, kama ngozi mpya, ngumu kuliko ya kwanza.

Juzi laoban, bosi wa karakana, aliniita nimtafsirie mgeni kutoka Tanzania. Alikuwa meneja wako wa kiwanda cha mkonge. Hakunijua. Alipapasa shafti iliyokamilika, akatabasamu.

"Hii ingetufaa sana. Tulikuwa na fundi mzembe, akachomelea shafti ovyo, ikakatika, ikamuua mwenyewe."

Laoban akauliza amesema nini.

Nikamgeukia meneja. "Huyo fundi ni baba yangu. Alikuandikia mara mbili kwamba shafti ina ufa, uagize nyingine. Ukamwamuru achomelee, kazi isisimame. Nakala za barua ninazo."

"Binti, hayo yameshapita," akasema.

Nikayatafsiri yote kwa Kichina, yake na yangu. Laoban akaweka chini kikombe cha chai.

"Hapa tunafunika chuma kilicholika," akasema. "Chenye ufa tunakikataa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua."

Hakumpa bei. Meneja akaondoka bila kunitazama.

Hasira haikunitoka mchana kutwa, na si kwa sababu yake tu. Baba, asubuhi ya ajali ulinipigia simu ukasema, "Hii shafti itaua mtu." Halafu ukaenda kuiwasha. Kwa nini? Ulimwogopa yule mtu kuliko... Basi. Najua nilikuwa bado shuleni, na uliogopa kufukuzwa. Najua, na bado nimekasirika. Ripoti ya kiwanda kuhusu ajali imeandika "uzembe wa fundi", na Mama ndiye anayeishi na maneno hayo.

Likizo hii narudi nyumbani. Nitapeleka barua zako kwa wakaguzi wa kazi, na sitawapa nafasi ya kupumua hadi maneno yale yafutwe. Siku hiyo nitamsomea Mama ripoti mpya kwa sauti, uani, majirani wasikie.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Rehema