Majuma Mawili ya Breki ya Mkono

Jumanne, 1 Novemba 1955

Maji ya rejeta, ndoo moja. Oili nusu chupa. Jiwe la kuzuia gurudumu nyuma ya kiti. Asubuhi kama asubuhi zote, ila leo nilikuwa nalipeleka gari Singida kukaguliwa.

Limekataliwa. Inspekta alilisimamisha kwenye mteremko karibu na boma, akavuta breki ya mkono mpaka jino la mwisho, akaondoa mguu kwenye kanyagio. Gari likaanza kuondoka polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikakimbia na jiwe langu. Askari wakacheka. Inspekta hakucheka, alisema jiwe si breki. Ameandika karatasi: lisibebe mtu wala mzigo, lirudi Jumatatu tarehe 14 likiwa limetengenezwa, la sivyo atachukua namba zake.

Miaka miwili naegesha kwa jiwe. Sikuwahi kuona aibu mpaka leo.

Mke wangu Naomi ana mimba ya miezi minane. Gari hili nililinunua kwa ajili ya siku yake ya kujifungua. Vitunguu ninavyobeba kwenda sokoni ni vya kulilisha petroli tu.

Jumatano, 2 Novemba

Nimekaza waya wa breki mwenyewe. Kazi ya robo saa. Sasa mkono unashika jino la tatu. Nilimwita mke wangu aje aone. Akasema vizuri, akarudi kwenye karanga zake. Nimejisifu mchana kutwa.

Ijumaa, 4 Novemba

Mjinga mimi. Nimelipeleka gari tupu mlima wa Sekenke kulijaribu. Kabla sijafika likawa zito, kama linaburuta kisiki. Harufu ya kuungua. Moshi magurudumu ya nyuma. Kumbe ukikaza waya kabla hujarekebisha breki ndani ya gurudumu, breki inashika muda wote unapokwenda. Nimeunguza lainingi zote mbili, zile pedi zinazobana gurudumu. Nilikaa kando ya barabara mpaka vyuma vikapoa, nikalegeza waya, nikarudi mwendo wa kinyonga.

Haraka haraka haina baraka. Hiyo methali nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka mitano.

Jumapili, 6 Novemba

Mama mkwe amefika kumwangalia bintiye. Kwa hiyo mimi nimehamia kwa kaka Zakaria. Kwetu mkwe halali paa moja na mama mkwe, haonani naye uso kwa uso, wala hasemi naye ila kwa kupitia mtu. Leo nimezunguka zizi zima ili kufika kwenye gari langu.

Baada ya ibada alikuja Mzee Ramadhani, aliyekuwa fundi wa gereji ya mgodi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Alivua gurudumu, akatia kidole ndani, akaniwekea mbele ya pua. Oili. Inavuja kutoka kwenye ekseli na kulowanisha lainingi. Kwa hiyo breki haikuwa na ugonjwa wa waya hata siku moja. Inatakiwa ngozi mpya ya kuzuia oili kila upande, na lainingi mpya. Amenionyesha jinsi ya kurekebisha mwishoni: mmoja chini ya gari, mwingine kwenye kiti akivuta mkono jino kwa jino. Yeye kesho anasafiri kwenda Nzega msibani.

Gari liko juu ya magogo. Magurudumu ya nyuma yamelala chini. Naomi akishikwa na uchungu leo, nina sanduku la bati lenye usukani.

Jumatatu, 7 Novemba

Singida kwa basi. Lainingi zipo. Ngozi hazipo, mwenye duka anasema majuma matatu. Nilimwambia sina majuma matatu. Akasikitika kwa adabu.

Jumatano, 9 Novemba

Fundi viatu wa hapa Misigiri amekata ngozi mbili kwa mfano wa zile zilizooza. Ngozi ya shingo ya fahali, zimelowekwa kwenye samli tangu jana. Aliniuliza ni viatu vya nani mwenye miguu ya mviringo. Sikuwa na moyo wa kucheka. Zimeingia kwa nyundo na sala.

Alhamisi, 10 Novemba

Miguu ya Naomi imevimba. Nimemwona kwa mbali akitembea kwa kushika ukuta.

Mwaka juzi tulimbeba kwa kitanda, wanaume wanane, kwenda hospitali ya misheni. Tulitoka alfajiri. Mtoto alizaliwa mbele ya geti, wa kiume, mfu. Nimepiga hesabu ya njia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Tulipumzika mara tano. Mara mbili mimi ndiye niliyeomba tupumzike. Baada ya mazishi niliuza ng'ombe sita, nikalinunua gari kwa mzungu wa mgodi aliyekuwa anaondoka.

Naogopa. Sina neno jingine.

Jumamosi, 12 Novemba

Lainingi mpya nimezifunga, imebaki kurekebisha. Leo hakuna mtu kijijini. Wote wamekwenda maziko kijiji cha pili, na Zakaria pia. Nilijaribu peke yangu: kuvuta mkono, kushuka, kutambaa chini, kuzungusha gurudumu, kutoka, kupanda. Mara kumi na moja. Mgongo umekufa.

Naomi hawezi kupanda kwenye kiti. Alikaa mlangoni, akamwambia mama yake apande yeye. Nikasikia kanga zinapita, mlango wa gari ukafungwa. Mimi nilikuwa tayari chini, naona difu ya ekseli ya nyuma tu. Hatukuonana. Nadhani mila haijavunjwa, labda imepinda kidogo.

Tukafanya hivi. Mimi namwambia Naomi, jino moja. Naomi anasema, mama, jino moja. Mkono unalia krak. Nazungusha gurudumu, nakaza, nasema legeza. Naomi anasema, mama, legeza. Mama mkwe ana mkono mzuri kuliko wangu, havuti kwa hasira.

Kisha Naomi alisema mgongo unamuuma, akaingia ndani kulala. Nikabaki chini ya gari na spana yangu. Yule mama akaanza kusema. Hakusema na mimi. Alisema na usukani.

"Yule mtoto alikuwa amenyamaza tumboni siku mbili kabla hamjambeba mama yake. Nilimpapasa mimi mwenyewe. Si barabara iliyomuua."

Halafu: "Ningemwambia nani? Mkwe haambiwi habari za tumbo."

Grisi ilikuwa imeniingia jichoni. Akavuta jino la pili bila kuambiwa. Nikazungusha gurudumu. Likashika sawasawa, pande zote mbili. Akashuka, akaenda zake.

Nina hasira na sijui namkasirikia nani. Miaka miwili nawahukumu watu wanane na kitanda, na mimi wa kwanza wao. Ng'ombe sita. Na sasa najua kwamba hata gari likiwa zima, lenye breki na lainingi na kila kitu, mtoto akitaka kunyamaza atanyamaza. Nilitaka kumwuliza mama mkwe kama huyu wa sasa anacheza. Siwezi kumwuliza. Ninaweza kukaza nati.

Jumatatu, 14 Novemba

Singida. Mteremko uleule. Inspekta akavuta mkono, akaondoa mguu. Gari likasimama kama nyumba. Akaita askari wawili walisukume. Wakasukuma. Halikwenda. Akapiga muhuri, akaniambia vizuri.

Nilifikiri nitafurahi. Nimekunywa chai stendi, nimesoma muhuri mara mbili, naanza kurudi.

Jumanne, 15 Novemba

Nilifika jana jua likielekea kuzama, nikaona wanawake wengi uani. Naomi alishikwa na uchungu asubuhi, nilipokuwa sijafika hata Singida. Mchana ilikuwa imekwisha. Mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto, kwenye mkeka, chumbani mwetu. Msichana. Mzima. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia askari wawili wakisukuma gari.

Leo mama mkwe alikwenda kisimani, akakaa huko muda mrefu, ili nipate kuingia. Nimemshika mtoto. Mwepesi kuliko spana kubwa. Analia kwa nguvu na sauti yake si nzuri.

Nilimwambia Naomi yale niliyoyasikia chini ya gari. Niliogopa atalia. Hakulia.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nambeba mimi."

Nikauliza kwa nini basi aliniacha niuze ng'ombe sita. Alimnyonyesha mtoto kwanza.

"Ulikuwa huli," akasema. "Ulipoanza kusema habari za gari, ukala."

Tukakaa. Mtoto akalala.