Digrii Nne Mbele

Mbweni, Unguja
9 Februari 2025

Mpwa wangu Haroub,

Assalaamu alaykum. Mimi mzima, ila mgongo umegoma. Nikiingia chini ya gari hutolewa kwa kuvutwa miguu. Wewe hujambo? Kifua na baridi ya Nakuru vinapatana?

Ijumaa nilikwenda Makunduchi kwa mama yako. Kaniuliza, "Mahfoudh, mwanangu anafanya kazi gani hasa huko?" Nikamwambia gereji. Si uongo, lakini alasiri niliiswali moyo ukinisuta. Radhi alizokupa ni za gereji, si za mbio za magari.

Umeuliza kwa nini injini niliyokuazima imelegea. Huko juu hewa ni nyepesi, injini inavuta pumzi haba, kwa hivyo haibani kama inavyobana hapa pwani. Petroli ya okteni kubwa, ile ya bei, kazi yake ni kuvumilia kubanwa isiripuke kabla ya wakati. Huko hakuna cha kuvumilia. Tia ya kawaida, halafu sogeza taimingi digrii nne mbele, cheche iwahi. Ukishaipata, piga alama ya msumari kwenye distributa, pale cheche inapogawiwa, isikupotee. Na bismillahi kabla hujawasha.

Mjomba wako,
Mahfoudh

Nakuru
5 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo vipi? Mimi mzima, nnafunga, ila magharibi ya huku inachelewa, au tumbo langu tu ndilo lina haraka.

Nimefanya kama ulivyosema, na alama nshapiga. Injini imeamka! Wenzangu wananitania, wanasema gari langu linanuka pweza, lakini Hardik, ambaye hajapata kupitwa tangu nimjue, juzi nilimwacha nyuma. Kaniuliza, "Nani anakufundisha wewe?" Nikamwambia nna mjomba.

Mashindano ni wiki ya kwanza baada ya Idi. Kuna kitu kidogo nimeongeza, nitakwambia nikishinda. Usije ukanuna.

Mpwa wako,
Haroub

Mbweni
20 Aprili 2025

Mwanangu Haroub,

Salaam. U mzima? Idi imepita hukupiga. Mashindano yamepita, kimya. Mama yako anauliza, nami nnamwambia mtandao mbovu. Kama umeshindwa, si kitu, sema tu. Nimekuwekea halua ya Idi, imeanza kukauka.

Mjomba wako,
Mahfoudh

Nakuru
11 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Samahani, nnaandika kwa mkono wa kushoto.

Breki zilikataa, nikaingia ukutani. Mjomba, miguu siihisi. Daktari kasema nisisubiri irudi. Injini yako haikuwa na kosa lolote. Nimewaambia wenzangu wakurudishie, ni amana yako.

Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikiweza kukaa.

Mpwa wako,
Haroub

Mbweni
12 Juni 2025

Mwanangu Haroub,

Assalaamu alaykum. Hali yako nnaogopa kuiuliza.

Injini ilifika bandarini Jumatatu, imefungwa turubai vizuri. Nilitaka kuifuta tu niiweke. Nikaona ubavuni mwa sampu, lile bakuli la oili, pana tundu jipya, limezibwa kwa bolti. Tundu la pale hutobolewa kwa jambo moja, kurudishia oili ya turbo. Turbo wenzako wameivua, tundu hawakuweza kulificha.

Nikafungua. Pistoni ya tatu imeyeyuka katikati, kidole changu kinapita. Breki haziyeyushi pistoni, mwanangu. Turbo inaisukumia injini hewa kwa nguvu, inabana kuliko hata hapa pwani. Petroli ya kawaida haikuvumilia, na cheche nilikwambia iwahi. Ikaripuka kabla ya wakati, ikatoboa, oili ikamwagika chini ya matairi yako mwenyewe.

Nikatazama distributa. Alama ya msumari ipo. Digrii nne, hukuzidisha hata unywele. Ulinisikiliza. Laiti ungekuwa jeuri.

Uliniandikia kuna kitu kidogo umeongeza. Nilidhani stika. Mteja akija hapa namuuliza mpaka harufu ya gari lake, wewe sikukuuliza "kitu gani?"

Jana nilikwenda Makunduchi. Mama yako alikuwa majini anafunga mwani. Nikaingia na suruali yangu, nikamwambia yote: mbio, turbo, petroli, digrii nne, na uongo wangu. Hakulia. Alimaliza kamba aliyoishika, akafunga na fundo. Kisha akasema, "Radhi zangu mlizipeleka wapi, Mahfoudh?" Akanikataza kumfuata hata bandarini.

Kapanda boti ya asubuhi leo, na msala wake na kanga mbili. Akifika, usimwambie habari ya breki. Najua uliisema kwa kunionea huruma. Yeye mwambie kweli.

Mimi nnaswali, lakini nikifika kwenye dua ulimi unasimama. Sijui niombe miguu irudi au siku ile irudi. Wateja nimewaambia wapeleke magari kwengine. Pistoni ipo hapa mezani, karibu na halua yako.

Mahfoudh