Betri Niliyowapa Kwaya

Baba Akiru,

Ejok, nakusalimu kwa lugha yetu. Niko Lodwar kwa dada yangu. Pikapu yako nimeiacha Kakuma, mbuzi wa jirani wanalala chini yake. Nani ataiendesha? Mimi hata kuitazama siwezi.

Nina jambo limenikaa kooni tangu tukuzike. Ile betri ya pikapu haikuwa mbovu. Jumamosi, wewe ukiwa umelala na homa, niliifungua nikawapelekea kwaya, kinanda chao kilikosa moto. Unanijua mimi, nilitaka sauti yangu isikike mpaka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu! Wakakipiga mchana kutwa. Jioni nikairudisha, nikakaza nati, nikanyamaza.

Asubuhi malaria ilikuwa imekupanda kichwani. Nikawasha gari nikupeleke hospitali Lodwar: tik. Tena: tik. Nikakimbia kambi ya wakimbizi kumwita Deng, Msudani rafiki yako, aliyekuuzia hiyo betri. Gari jingine hatukupata. Alizunguka mpaka mwenye mashine ya kusaga akamwazima betri yake, ya kuwashia tu, si ya safari. Alipoileta na mkokoteni, jua lilikuwa limeshapanda. Akajampu, akaunganisha betri mbili kwa vipande vya waya, na wewe umelala kitini unamfokea: "Nyekundu kwa nyekundu! Nyeusi weka kwa chuma, we mtu!" Hata kufa, ulikuwa unakufa ukifundisha watu. Gari likanguruma. Nikacheka, Baba Akiru. Nilidhani tumepona.

Deng aliendesha mwenyewe. Tulifika Lodwar umeshanyamaza. Daktari akasema tumechelewa.

Matangani ndugu zako wakauliza mbona gari lilikataa kuwaka. Mmoja akasema, "Huyo Deng alimuuzia betri mbovu." Wakanitazama. Nikainamisha kichwa. Basi, ikawa ndivyo.

Walimfukuza pale pale, sahani ya chakula mkononi. Waliokuwa wakinunua sukari kwake wakaacha. Mwezi uliopita alifunga kibanda, akapanda lori, akarudi kwao kwenye vita. Hakuniuliza kitu. Kabla ya kuondoka alikuja mlangoni akasema tu, "Pole, mama." Na mimi nikaitikia! Mdomo huu huu wa kuimba ukaitikia.

Kesho napanda gari niende Kakuma, niwaambie ndugu zako wote, mbele ya watoto. Wakitaka wanifukuze. Nakuahidi, sitageuka njiani. Lakini Deng hatasikia, na hakuna anayejua kama yu hai.

Lala, mume wangu. Na kama umemwona huko uliko, mwambie ni mimi.

Mama Akiru