Mshale Mmoja Uliobaki kwenye Mwito wa Mama

Kwako Dada Somoe, huko Tanga,

Najua barua hii utasomewa. Atakusomea shemeji akitoka kwenye biashara yake ya kambamiti, au mwanao mkubwa, ambaye naambiwa ameshaanza kuunganisha maneno. Atakayekusomea namwomba asiruke mahali, hata pale nitakapokusema vibaya. Barua mbili nilizotuma kwa sanduku la posta la shemeji hazikujibiwa, ndiyo maana hii nimeipeleka gazetini. Gazeti hufika kila soko la pwani. Hata kama litakufikia limefungiwa dagaa, litakufikia.

Nina shida na wewe, na shida yenyewe ni ndogo kuliko ukucha. Ni kichwa kimoja cha mshale.

Siku hizi niko Kibiti, kwenye ofisi ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mwalimu Kondo, yule aliyekuja dunguni kwenu Maparoni, kule kwenye delta ya mto, na kinasa sauti chake kwenye mfuko wa turubai, anakusanya miito ya mashamba ya mpunga ili itoke kitabu. Zamani aliandika noti za muziki kwa penseli. Wafadhili wakasema mambo hayo yamepitwa na wakati, ikaletwa kompyuta yenye programu ya kuandikia muziki, na kwa kuwa yeye anaiogopa, nikaajiriwa mimi niliyesomea muziki chuoni. Alasiri jenereta likiwashwa navaa hedifoni, na sauti yako inaingia masikioni mwangu. Nakusikiliza kuliko mumeo anavyokusikiliza. Najua unapovuta pumzi. Najua mahali unapotabasamu katikati ya neno. Sikuomba kuyajua hayo yote.

Wewe huhitaji kuelezwa habari za miito, lakini wengine watakaosoma hapa hawakulala dunguni. Msimu wa mpunga watu wa kwetu huhamia mashambani, wakakaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mpaka mavuno. Mchana wanaamia ndege wasile mpunga, usiku wanafukuza nguruwe. Kabla ya Magharibi, aliye dunguni na aliye shambani huitana. Kila nyumba ina mwito wake, ili jirani asishtuke kwa yasiyomhusu. Anayejibu hurudisha maneno yale yale kwa sauti zile zile. Habari iko mkiani. Mkia wa sauti ukipanda na kupotelea juu, mambo ni salama. Ukishuka, njoo upesi.

Mkia huo haukai kwenye noti. Unaondoka kwenye noti ya mwisho na kwenda zake. Kwenye karatasi, Mwalimu alikuwa anauchora kwa mstari uliopinda, mwishoni anaweka kichwa cha mshale kuonyesha sauti imeelekea wapi. Programu yetu ina mistari iliyopinda, na ina mishale iliyonyooka kama fimbo. Mstari uliopinda wenye kichwa cha mshale haina. Waliotengeneza programu hiyo hawakuwa na mama anayeita kutoka ng'ambo ya jaruba.

Mwanzoni nilichora mistari, kisha nikabandika vichwa vidogo kwenye ncha, kimoja kimoja. Nikafurahi. Siku iliyofuata nikaongeza maneno kwenye ukurasa, noti zikasogea, mistari ikazifuata, vichwa vikabaki pale pale nilipovibandika. Nilipochapa, mishale yote ilikuwa inachoma maneno ya wimbo, mmoja umeingia kwenye jina la Mwalimu mwenyewe. Aliishika karatasi, akaitazama sana, akasema, "Binti, umekosa ndege wote, ukampiga mwenye shamba."

Sasa ninachora kila mkia peke yake. Kuna dirisha la kuchorea maumbo: napinda mstari, halafu kwenye ncha naongeza vijistari viwili, naviunganisha viwe umbo moja, kisha nalifunga umbo hilo kwenye noti ili ikisogea visogee vyote. Siwezi kunakili mmoja kwa mwingine, kwa sababu ukiuvuta mstari urefuke, kichwa nacho kinavutika, kinakuwa kama mdomo wa korongo. Na kichwa lazima kigeuke na ncha. Mkia unaopanda taratibu kichwa chake kinalala. Unaopanda ghafla kinasimama. Nimechora mikia ya nusu ya delta, dada. Mikia yako na ya mama nimeichora kwa uangalifu kuliko yote, na kwa hasira kuliko yote.

Unaikumbuka likizo ile ya Juni, mpunga ukianza kuiva? Mimi nilikuwa nakaa Kibiti kwa shangazi ili nisome, wewe ulikwisha achishwa shule kwa sababu mama alihitaji mtu wa kuamia naye ndege. Nilikuja na begi langu na kitabu changu. Jioni ulikwenda kuchota maji, mama yuko shamba la mbali kando ya mto. Akaita. Ule mwito nilikuwa nimeusikia siku zote za likizo, na shuleni nilikuwa kwenye kwaya, tena mstari wa mbele. Nikajibu. Sauti niliziweka sawasawa, hakuna hata moja iliyokosea. Mwisho nikautuliza chini, kama tulivyofundishwa darasani kwamba wimbo uishe kwa upole.

Mama alikuja mbio. Khanga imelowa hadi kiunoni, panga mkononi, samaki wake amewatupa njiani. Akapanda ngazi akanikuta nimekaa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nani kaniita nije?"

Ulikuwa umefika chini ya dungu na ndoo kichwani. Ulipoelewa ulicheka mpaka maji yakamwagika. "Mwache mama, kaimba kishule huyo."

Mama hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa dungu akawa anakamua khanga yake. Nikamwomba anifundishe ule mwisho wenu. Alikamua kwanza mpaka akamaliza.

"Wewe una shule yako, mwanangu," akasema. "Huu mwachie mwenzio."

Hakusema kwa ukali. Sasa nadhani alikuwa anakuonea huruma wewe. Kwamba mmoja wetu amepewa dawati, kalamu na viatu, basi mwingine naye awe na kitu ambacho hakigawanywi. Naelewa, na bado kila nikilikumbuka neno lile nahisi kama nimefungiwa mlango na mtu ambaye bado naisikia sauti yake ndani. Nilikuonea wivu kwa kulala upande wa kulia wa mama. Nilikuonea wivu kwa miguu yenu iliyofanana kupasuka. Nilirudi Kibiti nikawa wa kwanza darasani, shangazi akachinja kuku, nami nikawa nawaza kwamba jioni ile umejibiwa, na mimi sikuitwa.

Najua na wewe una yako. Siku ya harusi yako, umenyoosha mikono hina ikauke, uliniambia kitu ambacho hujawahi kukirudia.

"Kila mtumbwi uliokurudisha shule niliutazama mpaka ukaingia kwenye mikoko," ulisema. "Nilikuwa nakuombea ukwame."

"Ungekwama ningefanyaje?"

"Ungerudi uamie ndege. Mimi ningeenda kukaa kwenye dawati lako, mjinga na mkubwa hivyo hivyo."

Tulicheka mpaka somo wako, kungwi wa harusi, akatufokea kwamba utaharibu hina. Nilikusikia, Somoe, na niliamini kila neno. Mtu mwingine angesema pale tuliyamaliza. Mimi nilirudi chuoni na wivu wangu mzima, isipokuwa sasa ulikuwa na aibu juu yake.

Ofisini kwetu kuna mama anayeleta chai na vitumbua. Siku moja nilikuwa nimechomoa hedifoni, kanda yako inasikika chumba kizima. Alisimama na birika mkononi, akauliza huyo nani mwenye koo hilo. Nikasema ni dada yangu. Akaniangalia juu mpaka chini kama anayetafuta mahali ambapo ningeficha koo la namna hiyo.

"Na wewe huimbi?"

"Mimi nachora," nikamjibu.

"Haya," akasema, akanimiminia chai, kikombe hakikujaa.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Kanda ya nyumba yetu nimeimaliza yote, ila mwito wa mwisho. Mwalimu alikuwa amekaa nawe dunguni, mama yuko shamba la mbali. Unasikika ukiita, mkia wako unapanda vizuri. Kimya. Ndege wanasikika. Kisha kwa mbali mama anajibu, sauti zote zipo, nyembamba lakini zipo, anafika kwenye noti ya mwisho, sauti inaanza kuondoka, na kanda inakwisha. Mkia umeanza kupinda na haujafika popote. Nimeurudisha mara nyingi mpaka Mwalimu akaogopa kwamba utepe utakatika. Mwanzo wa kupinda upo. Mwelekeo haupo.

Nilimuuliza Mwalimu ulielekea wapi. Akasema hakumbuki, alikuwa anahangaika kugeuza kanda.

"Weka juu," akaniambia. "Miito mingine yote ya nyumba yenu imepanda. Nani atajua?"

"Somoe atajua."

Yeye ni mtu mwema, lakini ana kitabu cha kupeleka kwa mchapaji kabla ya mvua za vuli, na ukurasa uliobaki ni huo tu.

Nilipanda boti nikaenda Maparoni kwa Bi Zainabu, aliyekuwa na dungu jirani na lenu msimu ule. Nilidhani labda alisikia. Alinipokea, akanipikia wali mpya na kamba wa nazi, akanisimulia mambo ya watu wote. Nilipogusa habari hiyo alitikisa kichwa.

"Mwanangu, ule ni wa mama yako na Somoe. Mimi nina wangu. Wa watu hatuusikilizi, ndivyo tulivyokaa na heshima."

Kwa hiyo hakuna mwingine. Uko wewe.

Nitasema ninachokihofia, kwa sababu nimechoka kukizunguka. Mama alifariki kabla ya mpunga ule kuingizwa ndani. Salamu mlizoniletea chuoni zilisema ana homa tu, nikaze masomo. Nilipofika amekwisha zikwa, matanga yanaanuliwa. Nilikuuliza homa ilianza lini, ukasema, "Ilianza tu." Nikadhani ni uchungu unaokufunga mdomo. Sasa nakaa mbele ya kompyuta na mstari ule uliopinda, natafuta upande wa kugeuzia kichwa chake, na nawaza: je, kama ulishuka? Kama jioni ile, mbele ya Mwalimu na kinasa sauti chake, mama alikuita uende, nawe ukaelewa, ukateremka ngazi ukaenda, na Mwalimu akaona ni msichana anayekwenda kumpokea mama yake mzigo? Kama ulimkuta amekaa chini kwenye mpunga, akakwambia usimpelekee habari mdogo wako, ana mtihani?

Kama ni hivyo, umelibeba hilo peke yako miaka yote hii. Ningepaswa kukuonea huruma. Lakini kitu cha kwanza kilichonijia, dada, nitakwambia kilivyo: nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu hata wa ugonjwa wake. Mama alikuwa na shida, akavuta pumzi aliyokuwa nayo, akaigeuza kuja kwako. Mimi nilikuwa darasani najifunza majina ya Kiitaliano ya kuimba polepole.

Na kama ulipanda, kama siku ile mama alikuwa mzima na anacheka moyoni kwamba anarekodiwa, basi nataka kujua hilo pia. Ningepata jioni moja ya mama akiwa salama, na ningekuwa nayo kwa hakika. Siwezi kuichukua kwa kubahatisha. Mwalimu anaona ni vijistari viwili. Mimi nikiviweka juu bila kujua, nitakuwa nimemsemea mama neno ambalo huenda hakulisema, kwenye kitabu, na watoto wako watalisoma.

Usiniimbie kwa simu ya posta. Usimtume mtu na kanda. Mwambie anayekusomea aniandikie neno moja: juu, au chini. Likija la chini, sitakuuliza kwa nini ulinificha, na Mwalimu nitamwambia ni hivyo, aongeze ukurasa wa maelezo kama anataka. Nitaufungua mstari, nitaupinda mpaka uanguke, na nitaweka kichwa kikielekea dunguni ulimokuwa umekaa.

Na kuhusu kuja, najua utataka kuja. Wewe ukisikia jambo huwezi kukaa. Nakuomba usitangulie. Ukija kabla sijachora, utaimba, utaimba kwa koo lile mama alilokuachia, ofisi itajaa watu, mama wa chai ataweka birika chini, na mimi nitakuwa tena yule aliyekaa dunguni na kitabu. Sitaweza kuugusa mstari ule. Niache kwanza niufikishe mwenyewe, kwa mkono wangu, pale mama alipoupeleka. Ni mwito mmoja tu ninaouomba kati ya yote mliyoitana.

Nikimaliza nitakuandikia. Hapo panda basi, dada yangu, njoo Kibiti, uniambie kama nimeuchora sawa.

Mimi,
mdogo wako wa tumbo moja, anayesubiri jibu