Panya Lulu Amepata Wenzake

Mke wangu Mama Zubeda,

Salaam aleikum, wewe na nyumba nzima, ingawa najua siku hizi nyumba nzima ni wewe peke yako. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni? Mimi mzima. Joto la huku Doha linawaangusha vijana, mimi linanipita hivi hivi.

Barua anakuletea Athumani kinyozi, anakuja likizo. Nimeiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Kwenye simu nikianza tu unalia, na wewe ukilia mimi nakata.

Lile ombi lako la kuhamia Korogwe kwa dada yako Mwanahawa nilishalijibu, nilisema hapana. Nani Muheza ana nyumba ya marumaru mpaka jikoni? Tuwaachie popo? Na kama ni upweke, si nilikuletea redio, ile kubwa, inaongea kutwa kucha. Sasa nisikilize, nina habari ya panya.

Nura, binti wa tajiri wangu, amekwenda kusoma Ulaya. Nilikwambia anafuga panya, ukacheka mpaka ukapaliwa. Si panya wetu wa ghalani, huyu ni mweupe, kichwa cheusi kama amevaa kofia. Walikuwa wawili, ndugu, wanalala wamelaliana, mmoja akafa, akabaki huyu Lulu. Siku ya safari Nura akaniletea tundu mpaka garini, machozi yanamtoka.

"Ammi," akaniambia, wao baba mdogo wanamwita hivyo, "mama hamtaki ndani. Mtafutie nyumba yenye panya wenzake. Usimwache peke yake."

Nikamwambia, mwanangu, umempa mtu. Mimi Kibwana nimepeleka malori mpaka Lubumbashi, nyumba ya panya itanishinda?

Lakini nilipofika Muaither, mtaa wa tajiri, nikafikiri, nihangaike nini? Nyumba bora kuliko zote ni chumba changu, kile cha uani pembeni ya geti, kina kiyoyozi. Nikamweka juu ya kabati. Nikawa namkatia tango, namtolea tende kokwa, namwekea kidonge cha ugali, na jioni nikirudi namsimulia foleni ilivyokuwa na nani nimempita. Hata habari za goti lako anazijua. Anasimama kwa miguu ya nyuma ameshika nyaya, ananisikiliza, Mama Zubeda, kuliko watu wengi wanavyonisikiliza.

Ila kutwa nzima mimi niko barabarani, shule, soko, hospitali, kwa mashangazi wa tajiri. Akaanza kuacha chakula. Ugali unakauka pale pale. Manyoya yakamsimama. Ndipo nikabuni kitu. Nilikuwa nimehifadhi kioo cha pembeni cha gari, kimevunjika ganda tu, nikakifunga kwa waya ndani ya tundu, ajione adhani nduguye amerudi. Nani mwingine angewaza hivyo? Na kweli alikisogelea, akalala amekiegemea. Ijumaa ile mtaa wa Najma, kinyozini kwa Athumani, wenzangu hawakupata nafasi ya kusema, niliongea mimi tu.

Asubuhi moja nikaamka nikamkuta amejibana kwenye kile kioo, kimefanya ukungu pale anapohema. Anakilamba. Anangoja. Anakilamba tena. Halafu akanigeukia, nikaona machozi mekundu yamemzunguka macho. Mekundu kama damu, mke wangu. Nilikaa kitandani viatu mkononi mpaka tajiri akanipigia honi mwenyewe.

Nikambeba mpaka kwa Athumani, tundu nimelifunika kanga. Akafunua, akaita watu.

"Jamani njooni! Wenzake wanafukuza panya, Mzee Kibwana anamuuguza!"

"Nyoa watu, hukuulizwa," nikamwambia.

Lakini ni yeye aliyenielekeza ghorofa ya juu, kwa nesi wa Kikenya anayefuga panya watatu. Anaitwa Wanjiru. Alifungua bado ana sare ya kazi, akamtoa Lulu, akamwangalia macho.

"Si damu, mzee. Huwatoka hivi wakiwa na huzuni. Huyu ako peke yake sana."

"Hayuko peke yake. Niko mimi."

"Kwani ni wewe utamlamba masikio?"

Nikaweka tundu chini. Miaka yote Doha ni mara ya kwanza mtu kunishinda kwa neno, na hilo Athumani asilijue.

Akawaleta wale watatu juu ya kitanda. Nikasimama karibu, kama wangemuuma ningewatawanya. Walimzunguka, wakamnusa, mmoja mnene akampanda mgongoni, Lulu akapiga kelele kidogo. Nikanyoosha mkono. Wanjiru akaniambia, "Wacha, mzee." Yule mnene akashuka, akaanza kumlamba sikio, taratibu, kama wewe ulivyokuwa unamsuka Zubeda. Lulu akajilaza. Akafumba macho. Tangu aje kwangu sikuwahi kumwona amefumba macho vile.

Nilimwita jina anitazame kabla sijaondoka. Hakugeuka.

Tundu nimemwachia nesi. Kioo nimerudi nacho, nimekitundika ukutani, nanyolea ndevu. Ile tende ninayoitoa kokwa jioni naila mwenyewe.

Basi sikiliza. Nenda Korogwe. Usiniulize kwa nini nimebadili neno, sijabadili, mimi mwenye nyumba ndiye ninayekutuma. Usingoje mwezi uishe. Funguo mpe Bakari mdogo wangu, marumaru apige deki Ijumaa. Redio usiende nayo, mwachie yeye.

Msalimie shemeji Mwanahawa, mwambie akupe upande wa dirishani na akuchue goti hata ukikataa. Salamu kwa binti yetu Zubeda na mumewe, na kwa mama yako mkubwa kama bado ananiuliza. Msiseme mambo yangu mkicheka usiku. Au semeni tu.

Wala usihofu kwamba nitarudi Muheza nikute mlango umefungwa. Korogwe naijua. Nitakuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwenu.

Ni mimi mumeo, dereva asiyepotea njia,
Kibwana