Endelea au Ishia Hapo

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kitabu changu cha pili cha hadithi ya Ida kimerudi kutoka Ruaha. Ile kaunta buku niliyoandikia kona zote zimejikunja, na sura ya saba imemwagikiwa chai. Nimefurahi — kitabu kisichosomwa hakimwagikiwi chai! Sijashona hata uzi mmoja, nimefungua kwanza nyuma, kwenye kurasa za maoni. Sheria yangu ni ileile tangu kitabu cha kwanza. Ukimaliza kusoma unaandika maoni na jina lako, na mwisho neno moja: ENDELEA au ISHIA. Asiyeandika hapewi kingine.

Basi. Ruaha wamesoma watu kumi na mmoja. ENDELEA wanne. ISHIA saba.

Saba!

Mmoja kaandika: cha kwanza sikukiweka chini, cha pili nimekiweka chini mara nne. Mwingine anasema misiba imezidi, na nyumbani kwake ipo ya kutosha. Nickson wa bodaboda ndiye kanipa moyo, anasema alikuwa anasoma stendi akapitwa na abiria wawili na hakujali. Lakini wengi wana hasira moja tu: nimemuua Gabrieli. Dereva wa lori la miwa, mpole, mchumba wa Ida, nami nimemuunguza kwenye moto wa shamba wiki mbili kabla ya harusi. Sasa mnataka nini jamani? Miwa inachomwa ndipo ikatwe, kila mtu wa huku anajua. Na moto haumuulizi mtu kama ana mchumba.

Mchana sikula. Nimesema sina njaa. Uongo.

Jumatano, 6 Novemba 2024

Wifi Magreti kanena leo. Tunashona kwenye fremu moja ya duka hapa Mikumi, cherehani yake na yangu zinatazamana, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Anasema niache. Cha kwanza kilinipa jina, cha pili kimelitia doa, cha tatu kitalizika. Kisha akachukua kaunta buku mpya, ile niliyoinunua kwa ajili ya kitabu cha tatu, akaandika juu ya jalada kwa makapeni: VIPIMO VYA WATEJA. Mimi nipo! Naona!

Nikamuuliza kwa upole, mbona hukuandika maoni yako nyuma? Akasema hajamaliza. Amekomea sura ya nane. Kitabu kina sura kumi na nne. Mtu wa sura ya nane anahukumu mazishi!

Halafu kaja Mwalimu Anselmi kuchukua suruali yake. Mzee huyu alistaafu Kilosa na aliwahi kunifundisha Kiswahili darasa la sita, hawezi kusoma kitu bila kalamu nyekundu. Shikamoo mwalimu, marahaba, akanikabidhi karatasi ya masahihisho ya kitabu changu, alikisoma kabla hakijaenda Ruaha. Amenipa 54 kwa mia. Chini kaandika kwamba mfululizo ni ugonjwa wa mwandishi asiyejua kumaliza. Nikafunga suruali kwenye gazeti, nikamshukuru.

Imeniuma. Nina miaka arobaini na tatu. Nyumba ni ya mume, fremu ni ya wifi, hata jina naitwa mama Upendo. Ida ndiye kitu pekee kilichotoka kwangu mimi.

Imebaki Ruhembe. Nakala ya pili (nimeziandika zote mbili kwa mkono, vidole vinajua) iko huko kwa Domina, yule anayekuja Ijumaa kuchukua sare za shule na kuziuza. Vitabu vyangu husafiri ndani ya mafurushi yake. Ruhembe nao wakisema ISHIA, naishia. Naacha kuandika kabisa, nashona sketi mpaka uzee. Nimeapa.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Domina hajaja. Simu haipatikani. Sketi kumi na mbili nimeshona leo, mbili nimezishona ndani nje. Magreti kaona, kazirudisha mezani kwangu. Afadhali angesema.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mungu wangu. Niandike taratibu.

Domina kaja baada ya misa. Kitabu hana. Kakaa kwenye kigoda, kaomba maji, kanywa yote, ndipo akaanza. Mwezi huu wa marehemu, jumuiya yao hukusanya majina. Kila nyumba inaandika wafu wake kwenye karatasi, katekista anayasoma moja moja, watu wanasali. Sasa kuna bibi mmoja, bibi Paulina, macho hayaoni vizuri. Mjukuu wake amekuwa akimsomea kaunta buku yangu jioni, kurasa mbilimbili. Bibi anasikia Kidodi, anasikia lori la miwa, anasikia moto — akajua ni habari. Hakuna aliyemwambia ni hadithi. Basi kwenye karatasi yake, chini ya mume wake na wanawe wawili, akaandikisha: Gabrieli, dereva, aliyeungua.

Katekista Stefano akasoma. Marehemu Gabrieli, dereva, aliyeungua. Tuombe.

Domina anasema nusu ya nyumba ililia! Waliosoma wanajua kabisa kwamba hakuna mtu kama huyo, na wamelia! Hakuna aliyenyoosha mkono kusema jamani huyu ni wa kitabu. Domina mwenyewe kalia na kitambaa kililowa. Wamesali vizuri, wameimba. Mwisho katekista akauliza familia ya marehemu inakaa wapi, aende kuwapa pole. Akauliza tena. Ndipo mama mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba, baba katekista, huyo marehemu yumo kwenye daftari.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Magreti kaja kuangalia kuna nini, nikashindwa kueleza. Halafu kicheko kikageuka, nikalia kwa kwikwi kama mtoto. Nilimtengeneza kwa peni ya bluu, hapa hapa, kati ya sketi na sketi. Wamemwombea!

Ila lipo jingine. Katekista kaichukua kaunta buku, na kaagiza niende Jumamosi. Domina hajui kwa nini. Anasema uso wake haukuwa wa mzaha.

Jumanne, 12 Novemba 2024

Magreti anasema si alinionya. Nitapigwa marufuku, kitabu kitachomwa. Huenda.

Lakini nimeona kitu! Saa sita nimetoka kununua vifungo, nimerudi kimyakimya, namkuta wifi kainama nyuma ya cherehani. Sura ya kumi na mbili. Midomo inacheza. Nimejikohoza mlangoni, akatupia kitambaa juu, akaanza kupima kitu ambacho hakipo. Raha niliyonayo haielezeki.

Mwalimu Anselmi naye kasikia habari za Ruhembe, Mikumi haina siri. Kapita, hakukaa. Kaniomba ile karatasi, akafuta 54, akaandika 61. Maksi saba kwa marehemu mmoja! Nikamwambia asante mwalimu. Akasema nisijivune, sura ya tano bado ni mbovu. Ni kweli ni mbovu.

Jumamosi, 16 Novemba 2024, Ruhembe

Naandika nyuma ya jiko la Domina. Nina dakika kumi tu.

Nimekuja na gauni la kitenge. Nilidhani nitakuta katekista peke yake. Nimekuta uani watu kama arobaini, wamekaa kwenye mikeka na mabenchi, na kaunta buku yangu juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nikamsalimia katekista, shikamoo, kaitika marahaba, hakutabasamu. Kasema kwanza nisome maoni.

Nikafungua nyuma. Kurasa nilizoacha zilikwisha zamani. Wameongeza karatasi za daftari la shule na kuzishonea kwa uzi mweusi, mshono mbaya sana, nimeupenda kuliko mshono wowote niliowahi kuuona. Maoni thelathini na nane. Wamenitukana humo! Muuaji. Huna huruma. Sura ya tano ilinilaza usingizi. Na chini ya matusi, kila mtu na mwandiko wake: ENDELEA. ENDELEA. ENDELEA. Thelathini na sita! Wawili ISHIA, na mmoja wao kaweka alama ya kuuliza.

Nimeshinda. Naandika tena. Nimeshinda.

Kisha bibi Paulina akashikwa mkono, akasimama. Nikajua anadai kuombwa radhi, na nilikuwa tayari kupiga magoti. Kasema, "Mwanangu, wameshanieleza. Lakini mimi jina silitoi. Yule mtu nimemlilia."

Hakuna aliyecheka.

Ndipo katekista Stefano akainuka. Kaanza kwa ukali: orodha ya marehemu si mahali pa mchezo, jina likiingia humo linasomwa mwezi mzima, naye hawezi kumwombea mtu ambaye hakufa. Nikainamisha kichwa. Akafungua kaunta buku pale penye mazishi, na hapo nikaona kaweka vipande vya karatasi kati ya kurasa. Vitano au sita. Huyu kasoma yote!

"Sura hii nimeirudia mara tatu," kasema. "Padri yupo, kwaya ipo, kaburi lipo. Lakini hakuna mahali jeneza limefunguliwa. Hakuna mtu aliyemuaga, hata Ida, wala aliyehakikisha ni yeye. Mimi nimezika watu miaka ishirini, sijaona mazishi ya hivyo. Sasa niambie mbele ya hawa wote: jina nilifute, au nisilifute?"

Nikaomba dakika kumi.

Ni kweli! Halikufunguliwa! Nilikuwa na sare za shule za kumaliza wiki ile, nikaruka kuaga, nikapeleka watu makaburini moja kwa moja. Uzembe mtupu. Mwalimu na kalamu yake nyekundu hakuuona. Nami niliyeandika mara mbili kwa mkono sikuuona.

Domina kachungulia, anasema dakika zimekwisha na katekista kashika peni. Nimemwambia nakuja. Sijui naenda kusema nini. Huko uani sauti zimepanda, hawanisubiri tena — wanabishana nani alikuwa ndani ya lile jeneza.