Sinema ya Chai, Kutoka Nyuma ya Shuka

Jumapili, jioni. Mvua ilianza tukitoka kuteka maji na bado inadondoka kwenye migomba.

Ninatangaza rasmi, mbele ya koroboi hii na paka aliyelala karibu nayo, kwamba mimi Mama Moraa wa Birongo nimetazama sinema tatu za serikali kutoka upande wa nyuma wa shuka. Naomba jambo hili liingizwe katika kumbukumbu za taifa. Paka hana pingamizi.

Sinema hizi si zile za watu kupigana ngumi na kurukia farasi. Ni picha za mambo ya kweli: watu wanaoishi mahali, wanaofanya kazi fulani, na sauti ya bwana mmoja asiyeonekana anayewaeleza wanachofanya kana kwamba wao wenyewe hawajui. Gari la sinema lilikuja Alhamisi, likaegeshwa kwenye uwanja wa shule, shuka jeupe likafungwa kati ya mikaratusi miwili.

Ningeweza kukaa mbele kama watu wote. Sikukaa, kwa sababu ya baba mkwe.

Kwa asiyejua mambo yetu: mke na baba mkwe wake wana chinsoni kati yao. Ni heshima, lakini heshima yenye ukuta. Siingii nyumbani kwake. Simkazii macho. Jambo lolote linalohusu mwili wa mtu halitajwi, seuze kuonyeshwa, tukiwa sote mahali pamoja. Tangu niolewe nimemtazama mzee yule kuanzia magotini kwenda chini. Viatu vyake vya tairi navijua kuliko fundi aliyevikata.

Na mzee huyo huyo ndiye nilikuwa namhitaji.

Baba Moraa, mume wangu, anachuma chai Kericho. Chai ya watu. Anakuja nyumbani kama mgeni, anakuta mtoto ameota meno, anasifu meno, anaondoka. Wiki hii likizo yake inakwisha. Nimechoka kuolewa na barua. Nataka tupande chai yetu kwenye lile shamba la mteremko, naye abaki. Najua chai haikui kama sukuma wiki. Tutangoja miaka, na kwa sasa tutakula ndizi na kuuza pareto. Lakini shamba ni la baba mkwe, na baba mkwe alishasema.

"Majani hayasongwi ugali," alimwambia Baba Moraa. "Ukijaza chai pale, wimbi la ugali nitalipanda wapi? Kichwani kwako?"

Nilipoambiwa kwamba sinema moja ni ya chai, ya watu weusi kama sisi na mashamba madogo kama yetu, nilijua dawa imepatikana. Aone tu. Mtu anaweza kubishana na mwanawe, hawezi kubishana na shuka.

Kisha wanawake waliotoka sokoni Masimba wakaniletea habari mbaya. Huko gari lilianza na sinema ya kliniki ya akina mama. Tumbo lilipotokea tu kwenye shuka, kubwa kama kilima, wazee wote waliokuwa na wake wa wana wao pale uwanjani walisimama, wakajifunika makoti kichwani, wakaenda zao. Sinema ya chai ilipofika, ilitazamwa na watoto na mbwa.

Nikamwendea yule bwana wa gari mapema, nikamwomba kwa adabu aanze na chai.

"Mama, mimi kazi yangu ni kuwasha mashine," akasema. "Mpango umetoka kwa wakubwa."

Wakubwa. Sawa.

Basi nikazunguka. Nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeolewa huku kwetu, nikasema neno moja: tukae nyuma ya shuka. Picha inapenya kitambaa. Sisi hatutawaona wazee, wao hawatatuona, hakuna atakayesema tumetazama tumbo pamoja. Wengine walicheka. Mama Nyaboke, jirani yangu, ambaye hajawahi kukubali kitu bila kukitukana kwanza, aliniuliza kama nyuma ya shuka tutaona migongo ya wale watu. Lakini walikuja, na mabunda yao ya watoto.

Kulipoingia giza nikasikia upande wa pili mzee mmoja akiuliza kwa sauti, "Kuna mke wa mwanangu hapa?" Akajibiwa hakuna. Mabenchi yakalia. Wamekaa! Ningeweza kupiga vigelegele, ila chinsoni.

Sasa nieleze nilichoona, ili atakayepata nafasi aende akitazame.

Ya kliniki: itazameni, hasa wenye mimba ya kwanza. Ila msiamini yule mtoto. Alizaliwa safi, amefungwa shali, na nywele zimechanwa. Wangu hawakuja hivyo. Na ukiwa nyuma ya shuka kila kitu kimegeuka, kwa hiyo watu wote wanatumia mkono wa kushoto. Daktari alipomsalimu mama mjamzito kwa kushoto, upande wetu ulinguruma.

"Huyo amesomea wapi?" Mama Nyaboke akasema. "Daktari mzima, na hakufunzwa hata kusalimu!"

"Ni kwa sababu tuko nyuma," nikamweleza. "Huko mbele ni mkono wa kulia."

"Mama Moraa, mkono ni mkono. Hauhami kwa sababu umezunguka mti."

Nikaacha. Kuna elimu inayotaka mchana.

Ya pili ilikuwa ya choo. Mtu anachimba shimo akiwa na shati jeupe, na anatoka nalo jeupe. Ningependa kumjua mkewe, au sabuni yake. Hata hivyo itazameni kwa ajili ya nzi. Walionyesha nzi anakotoka na anakokwenda kutua, na tangu siku hiyo nafunika chakula hata kama ni viazi vya jana.

Ya tatu ndiyo chai.

Mteremko kama wetu, ukungu kama wetu, mwanamume na mkewe wanainama kwenye miche iliyopangwa kwa kamba. Kisha majani mawili na chipukizi, mkono (wa kushoto) unayakwanyua na kuyatupa kapuni nyuma bila kuangalia. Kisha mahali pa kupimia, karani anaita majina, watu wanasogea na makapu yao. Nilimtafuta Baba Moraa kwenye nyuso zile kama mjinga.

Hatukubaliani na kila kitu. Hakuna mvua ya mawe katika sinema ile. Hakuna mgongo unaouma. Baba Moraa anasema hakuona kidole kimoja kilichoingia weusi wa majani, na mwenye kuchuma chai na vidole safi ni mgeni. Lakini kama ningeruhusiwa kupendekeza sinema moja kwa nchi nzima, ni hii.

Ijumaa baba mkwe hakusema lolote. Jana ilikuwa Sabato, na siku ya Sabato habari za shamba haziguswi kwetu. Nilikaa kanisani nikiimba huku nasaga meno.

Leo baada ya chakula cha mchana Baba Moraa akaja kutoka kwa baba yake, ameegemea mlango, anatabasamu upande mmoja.

"Amekubali."

Nilikaa chini. Kisha nikasimama. Nikamuuliza ni nini kilimgusa: ile miche? ule mteremko?

"Majina," akasema. "Karani alikuwa akiita mtu kwa jina lake na la baba yake, kwa nguvu, mbele ya watu. Mzee anataka jina hilo liwe lake. Shamba liandikishwe kwa jina lake, na jina liitwe pale kituoni kila siku ya kupima."

"Na picha?"

"Picha gani? Baba haoni, Mama Moraa. Tangu kiangazi kilichopita. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ulifikiri kwa nini mama anamshika mkono wakienda kanisani?"

"Nilifikiri ni mapenzi."

"Wale wawili?"

Alicheka mpaka akashika kizingiti. Mimi sikucheka mara moja. Nilifikiria wanawake wote wale nyuma ya shuka, na watoto mgongoni, kwenye umande, tumfichie mzee tumbo ambalo hata angewekewa mapajani asingeliona. Kisha nikacheka pia.

Lakini neno limetoka, na kwetu neno la mzee halirudi. Baba Moraa haendi Kericho. Ameandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, nikiwa nimemsimamia. Miche tutaitafuta Keroka. Mvua ikikatika, kesho alfajiri nateremka kwenye ule mteremko, mimi wa kwanza, na sitapanda kurudi nyumbani mpaka mstari wa kwanza wa mashimo ya miche uonekane kutoka barabarani.

Ila jembe langu halina mpini.